Si Uzee Tu: Tambua Mapema Dalili za Ugonjwa wa Parkinson kwa Wazee Wetu

Mzee akianza kupunguza mwendo, wengi wetu husema ni umri. Mara nyingi huwa kweli: magoti huuma, macho hufifia, nguvu hupungua. Lakini upo ugonjwa unaojificha nyuma ya uzee. Huanza polepole kwenye mkono mmoja au mguu mmoja, na watu wa nyumbani wakakaa miaka wakidhani ni uvivu, kununa, baridi yabisi au mkono wa mtu mbaya. Ugonjwa huo unaitwa Parkinson.

Parkinson hauponi kabisa, lakini una dawa. Mzee aliyegunduliwa na kutibiwa anaweza kurudi kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, kula bila kumwaga, kutembea hadi msikitini, kanisani au dukani. Mzee asiyegunduliwa huanguka, huvunjika nyonga, hujifungia ndani na wakati mwingine hushukiwa mambo asiyoyafanya. Makala haya yanaeleza dalili za mwanzo zinazoonekana katika mwendo wa mwili, namna ya kuzichunguza nyumbani, na mahali pa kwenda.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ugonjwa huu umepewa jina la daktari James Parkinson wa London, aliyeandika maelezo yake mwaka wa 1817. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye chembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Dopamini ndiyo inayosaidia ubongo kuuamuru mwili utembee kwa wepesi na kwa mpangilio: inua kikombe, geuka, piga hatua. Chembe hizo zinapokufa mmoja mmoja, amri za ubongo hufika zikiwa hafifu, na mwili huchelewa kutii.

Kufikia wakati dalili za mwendo zinaonekana, tayari sehemu kubwa ya chembe hizo imeshapotea. Ndiyo maana kutambua mapema kuna maana: hatuna njia ya kuzirudisha zilizokwenda, ila tunaweza kumsaidia mgonjwa atumie vizuri uwezo uliobaki.

Ugonjwa huwapata zaidi watu waliopita miaka 60, ingawa wachache huanza mapema. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi nao. Hauambukizwi kwa kula pamoja, kulala pamoja wala kumhudumia mgonjwa. Kwa wagonjwa wengi haukurithiwa. Wanasayansi wameuhusisha na umri, vinasaba na kukaa muda mrefu karibu na baadhi ya dawa za kuulia wadudu na magugu, lakini kwa mgonjwa mmoja mmoja si rahisi kusema chanzo ni hiki au kile.

Usifikiri ni ugonjwa wa Wazungu. Watafiti walipopita nyumba hadi nyumba katika wilaya ya Hai, kaskazini mwa Tanzania, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2008, waliwapata wagonjwa wa Parkinson vijijini, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Walikuwa wakiishi nao tu, kama uzee.

DALILI TANO ZA MWANZO

1. Kupungua kasi. Hii ndiyo dalili kuu, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Si uchovu wa jumla. Ni kwamba kazi ndogo za vidole zinakuwa nzito: kufunga vifungo, kumenya muhogo, kukuna nazi, kusuka makuti, kuhesabu noti. Mzee anaanza vizuri, kisha mkono unazidi kuwa mdogo na wa polepole kadiri anavyorudia. Nyanya aliyekuwa akikuna nazi mbili kabla chai haijachemka sasa hamalizi moja, na anasema mkono wake "umekataa".

2. Kutetemeka mkono ukiwa umepumzika. Mkono ukiwa umelazwa mapajani, au mzee akitembea, kidole gumba na cha shahada husuguana kana kwamba anaviringisha punje ya mahindi. Akiunyosha kuchukua kikombe, mtetemeko hupungua au hutoweka. Huongezeka akiwa na wasiwasi, na hutulia akilala usingizi. Lakini kumbuka: wapo wagonjwa wengi wa Parkinson wasiotetemeka kabisa. Kutotetemeka si kibali cha kupuuza dalili nyingine.

3. Kukakamaa. Bega, mkono au mguu wa upande mmoja unakuwa mgumu, na mara nyingine unauma. Wazee wengi hutibiwa bega kwa miezi, wakachuliwa na kupakwa dawa, kumbe tatizo haliko begani.

4. Mwendo kubadilika. Mtu mzima akitembea, mikono yake hupunga mbele na nyuma yenyewe. Katika Parkinson, mkono mmoja huacha kupunga na kubaki umeganda ubavuni. Baadaye hatua hufupika, miguu huburura, kandambili moja ikaisha soli kabla ya nyingine. Mgongo huinama mbele. Kugeuka, ambako mtu hutumia hatua mbili au tatu, kunahitaji hatua nyingi ndogo ndogo.

5. Uso, sauti na maandishi. Uso hupoteza mabadiliko yake. Mzee hacheki kwa uso hata akifurahi, na macho hupepesa mara chache. Sauti hushuka, watu wakawa wanamwambia arudie. Maandishi huwa madogo: herufi za kwanza ni za kawaida, za mwisho zimebanana. Ukiwa na daftari la zamani la mzee wako, linganisha na anavyoandika leo. Sahihi iliyosinyaa si jambo dogo.

Kuna dalili nyingine zisizo za mwendo ambazo zinaweza kutangulia hizi kwa miaka: pua kutosikia harufu, choo kuwa kigumu, na kupiga mateke au kelele usingizini kana kwamba mtu anapigana ndotoni. Kila moja peke yake si ushahidi. Zikifuatana na dalili za mwendo, mweleze daktari.

Kuhusu kuanguka: katika Parkinson, kuanguka ovyo kwa kawaida huja baadaye. Mzee akianza kuanguka mara kwa mara tangu mwanzo kabisa, huenda ni ugonjwa mwingine, na anahitaji kuonwa haraka.

Ukitaka kukumbuka kwa ufupi, shika mambo matatu: huanza upande mmoja, huja polepole kwa miezi, na hupunguza kasi.

UCHUNGUZI WA DAKIKA TANO NYUMBANI

Uchunguzi huu hauthibitishi ugonjwa. Unakusaidia kujua kama kuna jambo la kumpeleka mzee hospitalini. Mwombe kwa adabu, mahali pa faragha, si mbele ya wageni.

Kwanza, aketi na kulaza mikono mapajani, kisha ahesabu kinyumenyume kutoka 20 hadi 1. Wewe tazama mikono. Akili ikiwa kwenye hesabu, mtetemeko uliojificha hujitokeza.

Pili, agonganishe kidole gumba na cha shahada mara 10, kwa kasi na kwa kufungua vidole kadiri awezavyo. Mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Je, mmoja unapungua ukubwa na kasi, au unakwama katikati?

Tatu, ainuke kwenye kiti bila kujishikilia, atembee hatua 10, ageuke na kurudi. Tazama mikono inavyopunga, urefu wa hatua, na idadi ya hatua anazotumia kugeuka. Simama karibu ili asianguke.

Nne, kama anajua kuandika, aandike sentensi moja mara nne, bila kuambiwa aandike kwa ukubwa gani.

Ukiweza, mpige picha ya video kwa simu akifanya haya, kwa ruhusa yake. Dalili huja na kuondoka. Siku ya kliniki mzee anaweza kujikaza akaonekana mzima, na video hiyo ikawa ndiyo inayomsaidia daktari.

SI KILA MTETEMEKO NI PARKINSON

Mtetemeko ulio wa kawaida zaidi kwa wazee si wa Parkinson. Huonekana mtu anapotumia mikono, kama kumimina chai au kuinua kijiko, mara nyingi mikono yote miwili, na huenda ukawa katika ukoo. Nao una matibabu yake.

Dawa pia zinaweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na Parkinson. Miongoni mwazo ni baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama haloperidoli na klopromazini, na dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Plasil. Dalili hizo mara nyingi hupungua dawa ikibadilishwa. Usimwachishe mzee dawa kwa uamuzi wako. Zibebe zote, pamoja na za mitishamba na za kununua dukani, umwonyeshe daktari.

Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, sukari kushuka na pombe pia husababisha kutetemeka.

La muhimu zaidi ni kiharusi. Parkinson huja kwa miezi. Kiharusi huja ghafla. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu au maneno yakivurugika kwa ghafla, usisubiri kesho. Mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo.

SI UCHAWI, NA SI HASIRA

Jambo hili tulisema wazi, kwa kuwa linagusa kaunti yetu. Hapa Kilifi wazee wameshambuliwa, wamefukuzwa makwao na wengine kuuawa kwa kushukiwa uchawi. Kituo cha Kaya Godoma huko Ganze kimewahifadhi wazee waliokimbia vitisho vya aina hiyo, mara nyingi kutoka kwa jamaa zao wenyewe.

Sasa mfikirie mzee mwenye Parkinson asiyetibiwa. Uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni. Anakutazama bila kupepesa. Anatembea ameinama, ananong'ona badala ya kusema, usiku anapiga kelele usingizini. Kila moja kati ya hayo ni dalili inayojulikana kitabibu. Asiyejua huona mtu mwenye chuki anayetamka mambo chini kwa chini.

Kijana unayesoma haya: babu yako asipotabasamu ukimwamkia, huenda moyo wake umetabasamu na misuli ya uso ndiyo imekataa. Mpe nafasi ajibu, kisha mpeleke zahanati.

UENDE WAPI

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, au mwambie mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwenu. Mweleze mambo manne: dalili ilianza lini, upande gani, mzee ameshindwa kazi gani ya kila siku, na anatumia dawa gani. Muuguzi au afisa wa kliniki akishuku Parkinson, omba barua ya rufaa ili mzee aonwe na daktari katika hospitali ya kaunti ndogo au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Madaktari bingwa wa ubongo na neva ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, lakini daktari bingwa wa magonjwa ya ndani anaweza kutambua Parkinson na kuanzisha matibabu.

Fahamu kwamba hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu. Daktari hutambua kwa kusikiliza historia na kumchunguza mgonjwa kwa mikono na macho. Picha ya ubongo mara nyingi huonekana ya kawaida; huagizwa ili kuhakikisha si ugonjwa mwingine. Kwa hiyo usiuze mbuzi wala shamba kulipia picha kabla daktari hajamchunguza mzee na kukueleza kwa nini inahitajika.

Hakikisha mzee amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Usajili unaweza kufanywa kwa simu kwa kupiga *147#, au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii. Uliza hospitalini mapema ni huduma zipi zinalipiwa na zipi utalipa mwenyewe.

MATIBABU YANAFANYAJE KAZI

Dawa kuu ni levodopa, inayotolewa pamoja na kabidopa katika kidonge kimoja. Levodopa hugeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo. Kabidopa huizuia isitumike njiani kabla haijafika. Wagonjwa wengi huona nafuu kubwa, hasa katika kasi na kukakamaa. Daktari huanza na kipimo kidogo na kukipandisha taratibu.

Mambo ya kuzingatia:

Vidonge humezwa kwa saa zilizopangwa, kila siku. Kuchelewa kunarudisha dalili.

Vyakula vyenye protini nyingi, kama samaki, nyama, mayai na maharagwe, vinaweza kuzuia dawa isiingie vizuri mwilini. Kwa kawaida hushauriwa imezwe nusu saa kabla ya kula au saa moja baadaye. Usimnyime mzee vyakula hivyo. Panga saa tu.

Mwanzoni dawa inaweza kuleta kichefuchefu, na kizunguzungu mtu anaposimama. Rudi kwa daktari. Usinunue metoklopramidi kutuliza kichefuchefu hicho, kwani huongeza dalili za Parkinson.

Kamwe usikatishe dawa ghafla, hata kama fedha zimepungua. Kusimamisha ghafla kunaweza kumletea mgonjwa hali ya hatari. Kabla vidonge havijaisha, zungumza na hospitali. Dawa hii haipatikani katika kila duka, kwa hiyo tafuta za mwezi ujao mapema.

Wengi wetu Pwani tunaufahamu upupu, mmea unaowasha. Ni kweli kwamba mbegu zake zina levodopa, na wanasayansi wamezichunguza. Lakini kiasi kilichomo hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na hakuna anayeweza kukupimia kwa kijiko jikoni. Kuzitumia pamoja na vidonge ni kumeza dawa mara mbili bila kujua. Kama mzee tayari anazitumia, mwambie daktari bila kuona haya.

KUISHI NYUMBANI NA PARKINSON

Mazoezi ni sehemu ya tiba. Kutembea kila siku kwa hatua ndefu za makusudi, kunyoosha mgongo, kuimba au kusoma kwa sauti kubwa, hata kucheza ngoma aliyoizoea, husaidia mwili. Mwombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Ondoa mikeka na mikwaruzo ya kujikwaa njiani, weka taa kati ya chumba na choo, na mshikio ukutani chooni. Mpe kiti kirefu chenye mikono badala ya kibao cha chini.

Miguu ikiganda mlangoni, usimvute mkono, atakuangukia. Mwambie asimame, avute pumzi, kisha ahesabu "moja, mbili, tatu" na kupiga hatua kubwa. Mistari iliyochorwa sakafuni, au mguu wako uliowekwa mbele yake auruke, mara nyingi huufungua mwendo.

Mgema au mwangusi wa nazi mwenye dalili hizi asipande mnazi tena kabla hajaonwa na daktari. Mkono unaochelewa ardhini utachelewa pia huko juu. Vivyo hivyo kwa anayeendesha bodaboda au kutumia panga.

Usimharakishe, wala usimfanyie kila kitu. Mwache afunge leso yake mwenyewe hata ikichukua dakika tano. Na mtazame pia anayemhudumia, kwa kawaida binti au mke: naye anahitaji kupumzika, na ndugu wengine wagawane zamu.

Parkinson pia huleta huzuni nzito kwa wagonjwa wengi. Hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa na ina matibabu, hivyo itajwe kliniki.

Wiki hii, mzee wako akitoka nyumbani, mtazame anavyotembea. Angalia kama mikono yote miwili inapunga. Ukiona mmoja umebaki ubavuni, na kazi za mkono huo zimekuwa nzito kwa miezi kadhaa, usiseme ni uzee tu. Mpeleke akaonwe.